Shati la Kata Tano

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie Mama nimeandika barua kama alivyotaka. Najua maneno yake: simu haikunjiki wala haiwekwi chini ya godoro. Kikohozi kimeisha na chumba kipya hakivuji.

Nimekutumia bunda la karatasi kwa basi la Ijumaa. Ni zile pana za kuchorea ramani, ngumu kidogo, upande wa nyuma ni safi kabisa. Unakata violezo vyako kwa magazeti mpaka wateja wanatembea na matokeo ya mpira mgongoni, sasa pumzika. Ofisini tumeambiwa karatasi zote zilizokwisha kazi zichomwe. Nilizibeba mpaka kwenye pipa la moto, mkono ukakataa. Mimi nimekulia chini ya cherehani, karatasi nzuri hivi siwezi kuiona inaungua.

Kazi ni nyingi. Mji wetu umekua, unapata kata tano na madiwani watano, na sisi ndio tunaochora mipaka. Wameniletea picha zilizopigwa kutoka angani. Dada, siku ya kwanza sikufanya kazi, niliangalia tu. Mji wote ulikuwa mezani kwangu. Niliona korongo, mlimani upande mmoja na sisi bondeni upande wa pili. Niliona bati la karakana yako na lile turubai la buluu. Pembeni kulikuwa na kitu cheupe kwenye kamba, nadhani ni shuka la Mama.

Watu wote wale, na niliweza kuwafunika kwa kiganja. Nilitoa mkono haraka.

Nisalimie Mama.

Mdogo wako,
Rula

19 Februari

Rula mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, Mama amesomewa mara tatu na sasa amelala juu yake. Shuka lilikuwa lake kweli. Ameuliza kama huko angani walimwona na yeye akianika, maana siku hiyo hakuwa amejitanda vizuri.

Karatasi zako! Miaka yote nakata na sijawahi kukata kitu kama hicho. Hazichaniki, hazijikunji, chaki inashika. Ile kubwa ya ndani kabisa nimeikatia kiolezo cha shati la shule, na shati limekaa mgongoni bila mkunjo hata mmoja. Mafundi wenzangu wamesikia. Mkono wa shati nimemwazima fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona na redio sikioni. Kola iko kwa mwalimu wa ushonaji. Nusu ya watoto wa bondeni wanavaa mgongo mmoja, na ni mgongo wako.

Sasa kaa chini. Wiki iliyopita Mama alizidiwa na ule mguu. Zahanati iko mlimani, wewe unajua. Wapagazi wanne wakamfunga kwenye kiti, wakashuka naye korongoni na kupanda naye upande wa pili. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika viatu vyake. Pale katikati kwenye mawe, mmoja aliteleza, na kiti kikalala upande. Mama hakupiga kelele. Alishika nywele za mpagazi wa mbele kwa mikono miwili, akazishikilia hivyo mpaka juu. Aliporudi aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, daraja."

Wanawake wa bondeni wamekuja karakanani wakaniomba nigombee udiwani. Nimekubali. Sisi ni watu wawili katika kila watano wa mji huu, kwa hiyo kata mbili ni zetu, na madiwani wawili wakikaa kwenye baraza watalisema daraja mpaka wenzao wachoke. Na wewe ukiwa ndiye mchora ramani, mimi nalala usingizi.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole kwa Mama.

Kuhusu udiwani, nakuomba ufikirie vizuri. Wateja wako watakwenda wapi? Siasa ni mambo ya kuchafuana. Ungengoja uchaguzi mwingine, mambo yakiwa yametulia, ingekuwa bora.

Nina kazi nyingi. Mkuu wetu wa ofisi anataka kila kitu kwisha mwezi huu.

Rula

15 Machi

Wewe Rula,

Marahaba ya shingo upande. Ningengoja? Nimemngojea nani hapa duniani isipokuwa wewe ulipokataa kutoka tumboni siku mbili nzima? Kama unaona dada yako hawezi, sema hawezi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Lakini hilo tuliache, maana kuna kubwa zaidi. Ramani imebandikwa. Iko ukutani pale baraza la mji, chini ya kioo, na juu yake wameandika kwamba mwenye malalamiko alete ushahidi kwenye kikao cha tarehe 20 Aprili.

Nilikwenda kuiona nikiwa na sindano bado mdomoni. Mwanzoni sikuelewa. Kata tano, zote nyembamba na ndefu, kama mtu aliyechana kitambaa badala ya kukikata. Kila moja inaanzia huku kwetu, inaruka korongo, inapanda mlimani. Bondeni tumegawanywa vipande vitano. Mpaka mmoja unapita uani kwetu: kitanda cha Mama kiko kata ya tatu na choo chetu kiko kata ya nne. Mama anasema akienda chooni sasa atabeba kadi ya kura.

Nilirudi nikafunga mlango wa karakana. Nikachukua vifungo ishirini na tano, vyekundu kumi kwa ajili yetu, vyeupe kumi na tano kwa ajili ya mlimani. Nikavipanga mezani kama tunavyokaa, vyekundu pamoja, vyeupe pamoja. Nikaweka uzi kuzunguka vitano vitano. Makundi mawili yakawa mekundu, matatu meupe. Haki ya kila mtu. Halafu nikaupitisha uzi kama ule wa ukutani, kwa urefu. Kila kundi likapata vyekundu viwili na vyeupe vitatu. Nikahesabu tena. Kila kundi, vyeupe vimeshinda. Matano yote.

Sikiliza, Rula. Hakuna kifungo kilichoibwa. Hakuna kilichovunjwa wala kufichwa. Vyote ishirini na tano viko mezani na kila kimoja kimepiga kura yake, na sisi hatupo! Nilivipanga na kuvipangua mpaka jirani akagonga kuuliza kama naumwa. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kilichotulia namna ile.

Aliyechora hii ni fundi. Namchukia, lakini ni fundi. Nitafutie ni nani huko ofisini kwenu. Wewe huwezi, nakujua, tulikuita Rula kwa sababu hukuweza kupinda mstari hata ukichapwa. Nani, basi?

Dada yako

24 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Usinifikirie vibaya kwa ile barua fupi.

Ramani ile haina mtu mmoja. Ni kamati, ni takwimu, siku hizi mashine ndiyo inayochora, sisi tunaangalia tu kama wino umekauka. Ukitafuta mtu wa kumchukia hutampata. Kikao cha malalamiko ni desturi tu, watu husema, wao huandika, kisha kila mtu huenda nyumbani. Usijichoshe.

Mwambie Mama nitatuma dawa ya kuchua mguu.

Rula

31 Machi

Ndugu mchora ramani,

Nimerudi pale ukutani. Safari hii nilivaa miwani ya kazi.

Kwenye kila kona ya mpaka, upande wa ndani, kuna vijino viwili vidogo vya wino. Viwili, vimekaa karibu, cha pili kimeinama kidogo. Kona ya kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo. Nilipofika ya kumi na saba niliacha kuhesabu.

Mashine haiweki vijino, kaka. Anayeviweka ni mtu aliyefundishwa kukata nguo na mama yetu, aliyepigwa kofi la mkono kila aliposahau alama ya kuunganishia. Hapa duniani tumebaki wawili tunaofanya hivyo, na mimi sikuichora ile ramani.

Mama sijamwambia.

Fundi cherehani wa bondeni

8 Aprili

Dada,

Hii usimsomee Mama.

Ni mimi. Nimeandika neno hilo mara nne na kulichana mara tatu.

Ramani ya kwanza haikuwa hii. Ya kwanza niliichora Januari, kwa siku nne tu, kwa sababu ilikuwa rahisi: nilifuata korongo. Kata mbili huku, tatu kule. Mkuu aliipenda. Aliandika "Imekubaliwa" kwenye pembe ya chini, akaweka sahihi na tarehe. Siku mbili baadaye alikuja mgeni mwenye viatu vinavyolia, wakafunga mlango. Mgeni alipoondoka Mkuu aliniita, akaniambia bila kunitazama, "Bondeni wasipate hata mmoja. Chora." Ya kwanza ichomwe.

Ningeweza kukataa. Nilijiambia nikikataa atachora mwingine. Nilijiambia kodi ya chumba. Nilijiambia mengi.

Lakini nitakuambia lililo baya kuliko hayo, kwa sababu wewe ndiye pekee utakayelielewa. Ilinichukua siku kumi na moja, na siku ya tisa nilianza kuifurahia. Kila nilipousogeza mpaka upana wa ukucha, mtaa mzima ulinyamaza. Sikumgusa mtu. Nilisogeza kalamu, na watu mia nne ambao wangeshinda wakawa watu mia nne walioshindwa, na wenyewe wako majumbani wanapika, hawajui. Nilistaajabu, Dada. Nilikaa nikaitazama kazi ya mkono wangu jinsi ulivyovitazama vifungo vyako, isipokuwa mimi nilikuwa natabasamu. Halafu uzi ukafika uani kwetu. Nikaupitisha.

Nilidhani hutagombea. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Ile ya kwanza sikuichoma. Nilikutumia. Ni ile kubwa ya ndani kabisa. Geuza karatasi zako.

Rula

14 Aprili

Rula,

Nimegeuza.

Miezi miwili nimeikata, nimeibana kwa pini, nimeiandikia "shule, saizi ya kati", na wino wa upande wa pili sikuwahi kuutazama vizuri. Nyuma ya mgongo wa shati kulikuwa na korongo.

Nilikwenda kuvikusanya vipande. Mgongo na vifua vilikuwa kwangu. Mwalimu alitoa kola bila kuuliza. Fundi wa ng'ambo aligoma kidogo, akasema mkono ule umemletea bahati, lakini nilipomwonyesha upande wa nyuma alizima redio. Sijawahi kumwona amezima redio. Akauacha mlango wazi akanifuata.

Tulivipanga sakafuni, wanawake wote tuliokuwepo tumepiga magoti. Kifua cha kulia, kifua cha kushoto, mgongo katikati, mikono, kola. Palipokosekana karatasi, mstari uliruka pengo ukaendelea upande wa pili kama unajua njia. Na tukaonekana. Bonde zima, limekaa pamoja, halijachanwa popote. Mmoja wetu, mfua nguo, alitafuta nyumba yake kwa kidole, alipoipata akaweka kiganja juu yake na kulia. Mimi nilikuwa nawaza: hii ndiyo sura yetu, na nimekuwa nikiwavalisha watoto bila kujua.

Ila pembe yenye sahihi haikuwepo. Ile ilikuwa ni kipande cha kutupwa, nje ya mkono wa kushoto. Nilipekua pipa la vitambaa, nilipekua chini ya cherehani, nikakaa chini nikiwa nimekata tamaa. Ndipo Mama akauliza kutoka kitandani tunatafuta nini. Nikamwambia, karatasi. Akasema, "Yenye mwandiko wa mwanangu?" Akaingiza mkono chini ya godoro. Aliiokota siku ile nakata shati, kwa sababu ulikuwa umeandika tarehe pembeni na yeye mwandiko wako anaujua hata macho yakiwa yamechoka. Na hapo kando ya tarehe yako, "Imekubaliwa", na sahihi.

Nililazimika kumweleza yote. Alisikiliza. Akaniuliza kama vijino ulivisahau mahali popote. Nikasema hapana, kwenye ramani zote mbili hukusahau hata kimoja. Akageukia ukutani.

Watasema ni karatasi za fundi nguo tu, nimeandika mwenyewe. Tutaipeleka hivyo hivyo. Sikuombi kitu.

Dada

22 Aprili

Mdogo wangu,

Uliondoka kabla sijakufikia, watu walikuwa wengi mlangoni. Najua ulikuwepo, lakini muda wote ulikuwa umetazama chini, kwa hiyo ngoja nikwambie tulichokiona sisi.

Ulipoingia nilikuwa nimemaliza kubandika vipande ukutani, kando ya ile ramani yao. Yule mama mwenyekiti wa kamati ya malalamiko alisimama akavua miwani, akaivaa tena. Mtu wa nyuma alicheka, akasema bondeni wameleta shati mahakamani. Hakuna aliyemfuata kucheka. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama kutoka kwenye shati kwenda kwenye ramani, na kurudi kwenye shati. Watu mia tatu.

Mwenyekiti akauliza nani anathibitisha kwamba hii ilitoka ofisini. Ndipo nikasikia viatu. Viatu vyako havilii, Rula, vina soli ya mpira, lakini nilivisikia.

Ulisema, "Zote mbili nimechora mimi." Sauti ilikuwa ndogo mpaka ukaambiwa rudia, ukarudia. Mkuu wako alikuwa mstari wa mbele. Mwenyekiti akasema mtu yeyote anaweza kusema hivyo, akakupa kalamu na fomu iliyogeuzwa, akakuambia uchore kona yoyote. Ukachora kona. Na kabla hujainua kalamu, mkono wako ukaweka vijino viwili, cha pili kimeinama. Nadhani hukujua kama umeviweka. Mwenyekiti aliichukua ile fomu, akaenda ukutani, akaishikilia kando ya shati, kisha kando ya kioo. Shati, kioo. Akasimama hapo ametugeuzia mgongo.

Na kutoka kwenye kile kiti, maana wapagazi walimbeba tena na korongo likavukwa tena, Mama alisema kwa sauti ya kuita mtoto uani: "Huyo wangu."

Watu waligeuka wote. Wewe ukatoka.

Bado nina hasira na wewe, usidhani zimekwisha. Nikizikumbuka zile siku kumi na moja naziona upya. Lakini nilipokuona unavuka ule ukumbi peke yako, mguu mmoja baada ya mwingine, nilikuhesabia kila hatua.

Dada yako

16 Mei

Dada yangu,

Shikamoo.

Uamuzi umetoka leo: ramani ya kwanza inarudi. Aliyenipa habari ni mfagizi wa ofisi, alinikuta mtaani. Mimi nilirudisha ufunguo wa ofisi siku ile ile niliyotoka kikaoni. Mkuu amehamishwa, hakuna anayejua wapi. Mimi sikuhamishwa popote. Nimeambiwa mkono wangu hauaminiki tena, na nilikubaliana nao kwa njia fulani.

Nachora vibao vya maduka. Juzi nilichora kibao cha kinyozi na mistari ilinyooka vizuri.

Usiulize nitakuja lini. Uani pale nilipopitisha ule mpaka, sijui nitasimama upande gani.

Gombea, Dada. Shinda.

Rula

2 Septemba

Rula wangu,

Marahaba. Kaa chini tena, kama ile barua ya kwanza.

Siku ya kura niliamka nikiwa wa kwanza, nikakuta nimekuwa wa mia na kitu. Foleni ilianzia shuleni, ikazunguka kisima, ikapita mbele ya karakana yangu. Watoto walikuja na mashati ya shule ingawa hakukuwa na shule, sijui nani aliwaambia. Watu hawakupiga kelele. Walisimama kama mtu anayengoja kushikishwa kitu cha kuvunjika. Mama alipiga kura akiwa kwenye kiti chake, kisha akakataa kuondoka, akabaki pale kuwatazama wengine mpaka sanduku lilipofungwa.

Walihesabu mbele yetu, karatasi moja moja, wakiinua juu. Kata mbili za bondeni zina madiwani wa bondeni. Ile nyingine amepita yule mwalimu wa ushonaji. Yetu ameshinda mama muuza maji. Amenipita kwa kura kumi na moja.

Nimeshindwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nangoja kuumia, na nimeumia, sitakudanganya. Nimelia kwenye pazia la mteja ikabidi nilifue. Lakini Rula, kuna kitu sikukitegemea. Nilikaa nikawahesabu. Nawajua karibu wote walioninyima. Nimewapima viuno. Mmoja ananidai ile suruali niliyochelewesha, mwingine anasema nina mdomo, na ni kweli nina mdomo. Kila mmoja aliingia pale ndani akiwa na kichwa chake, akanifikiria, akasema hapana. Watu walinikataa wao wenyewe, hakuna aliyenisogeza kwa kalamu. Nilikaa na jambo hilo kifuani kama mtu aliyepewa zawadi asijue aiweke wapi. Ni kubwa, mdogo wangu. Kumi na moja! Na zote ni za kweli.

Leo asubuhi mama muuza maji amekuja kupimwa gauni la kuapishwa. Alisimama kwenye mkeka, mikono juu, hanitazami. Nikampima mabega. Nikamwambia, "Daraja." Akasema, "Ndilo neno langu la kwanza pale barazani, na ninataka niende na mchoro, wasije wakasema hatujui tunachotaka." Akaniuliza kama namfahamu mtu anayeweza kuchora mstari ulionyooka kutoka huku kwetu mpaka kule mlimani.

Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo nilimjibu kwa kichwa tu.

Mama ameshaanika shuka la kitanda chako. Uani ni kata moja sasa, simama popote. Njoo na karatasi.

Dada yako